Sura ya 7: Kaa Linalojua Kuzimika

Jiko la mkebe huwashwa kwa kuzungushwa. Aliyekulia Kibera hahitaji kuelezwa: unatwaa mkebe mtupu, unautoboa matundu kwa msumari, unaufunga waya mrefu, unatia vijiti na makaa machache, kisha unasimama mahali pasipoanikwa nguo na kuuzungusha kwa nguvu zako zote. Upepo huingia matunduni, makaa yakashika. Na ikiwa giza limeshaingia, wapita njia hawaoni mkebe wala mtoto anayeuzungusha. Wanaona pete ya moto, nzima, haina mahali ilipounganishwa, ingawa kila mmoja wao anajua fika kwamba ni mkebe mmoja tu unaokimbia.

Mwaka 1765 Patrick d'Arcy, mzaliwa wa Ireland aliyefanya maisha yake Ufaransa, aliufanya mchezo huo kwa vipimo. Alifunga kaa la moto kwenye chombo cha kuzunguka, akalitazamisha gizani na kuongeza mwendo hadi ncha za pete zikakutana. Muda wa mzunguko mmoja ulikuwa kama sekunde 0.13. Kaa likirudi mahali pake kabla ya muda huo kwisha, jicho halijaufuta mwanga wa kwanza, na pete haikatiki. Wataalamu wa leo wataongeza kwamba kazi hii si ya jicho peke yake, ubongo nao una mkono wake humo. Ni kweli, ila sisi tunaotaka kutengeneza saa tunaweza kuwaacha wakiendelea na mazungumzo yao.

Kitu ambacho kaa la d'Arcy halikuweza, na mkebe wa Kibera hauwezi, ni kuandika. Ili kaa liandike nambari 1 hewani, sharti lizimike karibu njia nzima, liwake mahali padogo, lizimike tena, na lirudie vivyo hivyo mzunguko baada ya mzunguko bila kukosea. Kaa linajua kuwaka tu. Hata balbu ya zamani ya waya haifai: ukiizima, waya wake hukawia na wekundu, na kukawia huko kudogo kunatosha kuivuruga nambari ikawa mkia wa moshi. Kazi hii ilimsubiri Nick Holonyak wa General Electric, Marekani, aliyeonyesha LED ya kwanza ya mwanga mwekundu mwaka 1962. LED huwaka na kuzimika katika muda usiotimia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hilo ndilo kaa tulilokuwa tukilihitaji.

Saa ninayoieleza hapa haina uso. Ina mkono mmoja wenye safu ya LED, mota ya kuuzungusha, na chipu inayoamua kila LED iwake wapi. Mkono ukisimama, unaona kipande cha rula chenye vitaa. Ukizunguka, rula hutoweka na tarakimu hukaa hewani kama zimeandikwa kwenye kioo.

Na hesabu yake ndiyo iliyonivuta, kwa sababu ni hesabu ya mtu asiye na pesa. Tazama bango la maandishi mekundu yanayotembea juu ya mlango wa duka la dawa. Bango la safu 8 kwenda juu na 80 kwenda kando lina LED 640. Mimi nilikuwa na LED nane. Nikizipanga nane hizo kwenye ncha ya rula, nikaugawa mzunguko vipande 180, napata nukta 1,440. Zaidi ya maradufu ya bango lile, kwa taa zinazoenea kwenye kiganja. Kinachonunua nukta zile nyingine ni mwendo, na mwendo unapatikana kwenye printa iliyokufa.

Lakini sikuanza na printa. Nilianza na ushauri mbaya uliotolewa kwa moyo mzuri.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Makina, Kibera, na fundi niliyemwamini alikuwa Kawangware, mzee wa redio ambaye kibanda chake, karibu na steji ya 46, hakikuwa na upana wa hatua nne. Kutoka Makina nilikuwa nakwenda kwa miguu: napitia Jamhuri, natokea Ngong Road, nafika Dagoretti Corner, kisha nashika Naivasha Road. Ndani ya kibanda redio za kaseti zilipangwa hadi darini, nyingine hazina mifuniko, nyingine zina majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa chaki, na harufu ya risasi iliyoyeyuka haikuwa ikitoka hata siku ambayo hakuwasha pasi yake ya kulehemu.

"Mzee, natafuta mota," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Ya kuzungusha saa."

Akaiweka chini redio aliyoishika. "Na hiyo saa ikizunguka, utaisoma ukiwa wapi?"

Nikamweleza habari ya mkebe wa makaa. Hakusema kitu. Akainama chini ya meza, akatoka na mota ya kaseti na kunikabidhi, na pesa akakataa. Kwake mota ya kaseti ndiyo mota: ina mwendo usioyumba, hailii, haili betri. Sifa zote hizo ni za kweli. Mota hizo nyingi huenda mizunguko 2,400 kwa dakika, na ndani mna saketi ndogo ya kuulinda mwendo huo, la sivyo mwimbaji angepanda na kushuka sauti katikati ya wimbo. Kwa mahitaji yangu mizunguko ilitosha na kubaki. Isichokuwa nacho ni nguvu. Ilizaliwa kuvuta utepe. Niliipa rula tupu ikaizungusha kwa madaha. Niliporudi nimeshalehemu LED, rezista na chipu, ikajikokota kama mzigo wa mkokoteni kwenye mlima, ikatoa joto, ikanyamaza.

Mzee aliipapasa, akaguna. Safari hii alinipeleka kwa jirani yake auzaye vyuma kuukuu, tukachagua printa moja isiyo na kifuniko. Ndani ya printa mna mota ya kusukuma kichwa cha wino kwenda na kurudi siku nzima. Hiyo imezoea kusukumana na vitu vizito kuliko utepe. Nikaiwasha kwa adapta ya volti 12 iliyokuwa ya ruta. Ikanguruma. Rula ikapotea machoni.

Hapo nikavimba kichwa.

Tatizo la umeme katika saa hii ni la ajabu kidogo, na kila anayeijenga lazima apambane nalo kwa njia yake. Mota imetulia mezani, na waya wake unatoka ukutani. Lakini LED ziko kwenye mkono unaozunguka. Ukiunganisha waya kutoka mezani hadi mkononi, baada ya mizunguko miwili utakuwa umesuka kamba. Bob Blick, Mmarekani ambaye saa yake ya namna hii miaka ya 1990 iliwatia wengi hamu ya kujaribu, alipita mlango wa nyuma: alitumia mota ya deki ya video, akaifungua, akachota umeme kwenye nyaya za ndani ya mota yenyewe, zile ambazo tayari zinazunguka. Ni hila safi sana. Wengine hutumia pete za shaba zinazosuguliwa na visahani vya chuma, na wengine hukabilisha koili mbili zisizogusana, umeme ukaruka kutoka moja hadi nyingine. Mimi nilichagua njia ya uvivu: nikafunga betri ya volti 9 juu ya rula, sentimita tatu kutoka katikati, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Ilikuwa usiku. Nikawasha. Kwa sekunde mbili hivi niliona duara jekundu la kupendeza, halafu kikasikika kishindo ambacho mpaka leo sijui nikifananishe na nini. Betri ilitoka, ikapiga bati la ukuta, ikarudi, ikapindua sufuria ya chai. Rula nayo, iliyokuwa imepoteza uzito wa upande mmoja, ikaanza kuitikisa meza, na meza ikaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Jirani akagonga ukuta. "Wewe! Huko kuna nini?"

"Ni saa, mama."

"Saa gani inapiga hivyo?"

Hesabu niliyopaswa kuifanya mapema niliifanya nikifuta chai. Mkono unaozunguka mara 25 kwa sekunde, ukiwa na urefu wa sentimita 10 kutoka katikati, ncha yake huenda karibu kilomita 56 kwa saa. Ni mwendo wa matatu kwenye Ngong Road iliyo wazi, yaani usiku wa manane. Hilo peke yake lingenifanya nisiisogezee uso. Lakini kinachotisha zaidi ni kwamba kitu kilichofungwa kwenye mzunguko daima kinataka kwenda zake moja kwa moja. Betri ile ina gramu 45 au karibu na hapo. Sentimita tatu kutoka katikati, kwa mwendo ule, ilikuwa ikiuvuta ule mpira kwa nguvu ya zaidi ya kilo tatu. Ni sawa na kuning'iniza pakiti moja na nusu ya unga kwenye kipande cha tyubu kilichopasuka kingoni. Ningeijua hesabu hiyo kabla, ningejikinga angalau kwa karai.

Dawa yake ni kuweka kizito katikati kabisa, kwa sababu kilicho katikati hakina pa kukimbilia. Nikaitupa fikra ya volti 9, nikachukua betri ambayo Kenya nzima inaifahamu kwa jina lake la ukoo: BL-5C, ile ya simu za Nokia za vibonyezo, ambayo siku hizi unaikuta hata ndani ya redio na tochi ambazo Nokia haijawahi kuzisikia. Ni bapa, ni nyepesi, ina volti 3.7, na LED nyekundu zinazohitaji volti 2 hivi zinatosheka. Nikailaza juu ya ekseli, nikapima kwa rula nyingine ili kitovu chake kikae juu ya kitovu cha mota, nikaifunga kwa waya na gundi pamoja. Haijaruka hadi leo.

Kilichobaki ni mizani. Upande mmoja una LED na rezista zake. Upande wa pili una chipu. Hata zikitofautiana kwa gramu moja, meza itatembea. Mzee wa Kawangware alinifundisha kusawazisha bila chombo chochote: pitisha msumari mwembamba kwenye tundu la katikati, ushike msumari ulale, uachie mkono. Upande mzito utashuka. Tia tone la risasi upande mwepesi, uachie tena. Tone jingine. Mwisho mkono unasimama popote unapouacha, kama mtu asiye na haraka. Nilitumia nati moja na matone tisa. Ni kazi ya jioni nzima, na katika hatua zote hakuna iliyonifurahisha kama hii, labda kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji umeme.

Sasa programu. Niliiandika kwa kompyuta ya kuazima, na toleo la kwanza lilikuwa la mtu anayedhani dunia inamsubiri: washa kipande cha kwanza, ngoja kidogo, washa cha pili, ngoja, endelea. Tarakimu zilitokea, naam. Kisha zikaanza kutembea. Zilizunguka taratibu kuelekea kushoto, zikapita chini zikiwa miguu juu, zikapanda tena, kama mlevi anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Stima ikipungua nguvu kidogo, mota ikapunguza mwendo, zilijibana. Ikipanda, zikajinyoosha zikakanyagana. Makina, jioni, watu wote wanapowasha vitu vyao kwa pamoja, saa yangu ilikuwa kipimo kizuri sana cha hali ya stima mtaani. Ya saa, haikusema kitu.

Ilikosa kujua duara linaanzia wapi. Duara halina mwanzo. Kwa hiyo lazima upange mwanzo wewe mwenyewe, na uwe unaukumbusha mkono kila unapopita. Nilibandua sumaku ndogo kwenye spika ya masikioni iliyokufa, nikaigundisha mezani chini ya mkono, na upande wa chini wa rula nikaweka kihisi cha sumaku, kidude chenye miguu mitatu kinachoweza kukaa kwenye ukucha. Kila mkono unapopita juu ya sumaku, kihisi huiambia chipu: hapa. Chipu hupima muda kutoka "hapa" hadi "hapa" nyingine, hugawa kwa 180, na kupata muda wa kila kipande. Programu yenyewe ndiyo iliyonithibitishia mwendo wa mota yangu: milisekunde 40 kwa mzunguko. Kila kipande basi kina kama sehemu 222 za milioni ya sekunde. Mota ikichoka, vipande hurefuka pamoja nayo, na macho hayajui lolote. Tarakimu zilisimama tuli. Nilikaa kitandani nikizitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri.

Zilikuwa zimesimama tuli, na zilikuwa kinyume. Mbili yangu ilitazama nyuma, tano ilikuwa kama S iliyosomwa kwenye kioo. Nilikuwa tayari kuiandika upya programu nzima nilipokumbuka kwamba mota ya printa ikigeuziwa nyaya huzunguka upande mwingine. Nikabadilisha nyaya mbili pale kwenye adapta. Basi.

Mtoto wa jirani alikuja na simu ya mamake kuipiga picha. Akapiga mara kumi, na kila picha ilikuwa na kipande tu: nusu ya tatu, au nukta mbili za katikati peke yake, au giza. Alidhani simu imeharibika. Kamera ikifungua jicho kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, inauona mkono ukiwa umemaliza robo tu ya mzunguko, na inaandika robo hiyo kwa uaminifu. Jicho la mtu ndilo linalochelewa kusahau. Saa hii ipo kwenye udhaifu wetu huo na haipo mahali pengine. Nilijaribu kumwambia kwamba kamera ndiyo inayosema kweli, akaniangalia kwa huruma.

Kitu ambacho sikukitegemea kilitokea nilipoibeba saa kwenda kumwonyesha mzee, ndani ya katoni, nikiikumbatia njia nzima. Tuliiweka juu ya meza yake, tukazima taa ya kibanda. Ilionyesha 1:17. Ilikuwa mchana, jua kali nje, muuza mahindi anachochea moto wake.

"Hii saa yako imepotea," alisema. "Saa hii ni saa saba."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Saa saba na dakika kumi na saba."

"Nasoma moja."

Alikuwa ananitania, maana simu yake mwenyewe ilikuwa ikimwonyesha 13:17 na hajawahi kuilalamikia. Sote tunafanya hivyo. Tunatazama tarakimu moja, tunatamka nyingine, na tumeizoea tafsiri hiyo hadi hatuisikii. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza: saa moja ya kwanza ikiisha ndiyo saa moja, na jua likiwa utosini ni saa sita. Karibu na ikweta, ambapo mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, ni hesabu yenye akili kuliko ile ya kuanza siku usiku wa manane wakati watu wamelala. Saa za ukutani zimetengenezwa kwingine, kwa hiyo tunazisoma kwa kuruka upande wa pili wa duara. Lakini hii sikuinunua. Niliijenga. Kila nukta yake iko pale kwa sababu mimi nilisema iwe pale.

"Kwani ni ngumu kuibadilisha?" mzee aliuliza.

Ilikuwa mistari miwili. Toa sita kwenye saa. Ikibaki chini ya moja, ongeza kumi na mbili. Nikairudisha siku iliyofuata ikiandika 7:05, na mzee akawaita wateja. Sijapata kuona dukani saa inayoandika saa saba mchana kama saba.

Kuna wakati nilitaka kuifanya ichore mishale badala ya tarakimu, na hapo nikagundua jambo dogo la kuchekesha. Tofauti ya saa sita ni nusu duara kamili, ndiyo maana macho yetu yanaweza kuruka upande wa pili bila hesabu. Nikajiambia, sihitaji programu: nitaisogeza sumaku nusu duara, na mshale wa saa utageukia Kiswahili wenyewe. Nikaisogeza. Mshale wa saa ukakaa sawa, na wa dakika ukaharibika, kwa sababu dakika hazina Kiswahili na Kiingereza. Robo ni robo. Sumaku inageuza vyote pamoja. Ilibidi nirudi kwenye mistari ile miwili.

Ukishaanza kuuliza saa ni ya nani huachi. Nairobi iko kwenye nyuzi 36.8 mashariki, kwa hiyo kwa wastani jua la mjini linafika kileleni kama saa sita na nusu, si saa sita kamili. Saa tunayoitumia, saa tatu mbele ya Greenwich, si ya jua letu sawasawa. Kabla ya kutulia hapo, serikali ya mkoloni iliwahi kuweka saa mbili na nusu, na tena saa mbili na dakika arobaini na tano. Kibera yenyewe, iliyopewa jina na Wanubi kwa neno lao la msitu, imekatwa na reli, na kwa muda mrefu honi ya treni na adhana ya Makina ndizo zilizowaambia watu wengi kwamba wamechelewa. Niliwahi kufikiria kuweka dakika 33 za jua letu ndani ya programu. Nikaacha. Mtu akikuuliza saa anataka kuwahi matatu.

Na saa lazima ijue wakati. Chipu iliyokuwa ikiziendesha LED ilihesabu sekunde kwa makisio, na kila stima ilipopotea niliizima, nayo ikawaka tena ikidhani dunia imeumbwa upya. Kwa hiyo niliongeza chipu ya pili, DS3231, ambayo kazi yake ni moja tu. Ndani mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo inaonekana ya kubahatisha mpaka uigawe kwa mbili, kisha kwa mbili tena; ukifanya hivyo mara 15 unabaki na moja, yaani sekunde. Joto na baridi huipotosha kwatzi, kwa hiyo chipu hii hupima joto lake yenyewe na kujirekebisha. Ikipotea sana, ni kama dakika moja kwa mwaka. Ina kibetri chake, cha duara, kama sarafu. Hata BL-5C ikiisha, yenyewe huendelea kuhesabu gizani, haimwambii mtu.

BL-5C ilikuwa ikidumu zaidi ya siku moja kabla ya kuhitaji chaji, kwa sababu LED zilikuwa zimezimika karibu muda wote. Hilo huwashangaza watu ninapowaeleza. Wanaona maandishi mekundu yanayowaka bila kupepesa, ilhali kwenye mzunguko mzima kila LED inawaka sehemu chache tu na zilizobaki zote ni kiza. Programu yangu, ukiisoma, ni orodha ndefu ya sifuri.

Ilikaa juu ya kabati. Usiku mmoja stima ilikatika Makina yote. Kelele za redio zilikoma kwa pamoja, kama kawaida, na mtu fulani akapiga mluzi. Mota ikaanza kupunguza mwendo. Nilikuwa sijawahi kuitazama ikifa. Tarakimu hazikujibana, kwa sababu chipu iliendelea kupima na kugawa. Zilianza kupepesa, zikachanika, zikawa vipande vinavyofuatana hewani, kisha nikaona nukta moja moja zikipita, na mwisho rula, imesimama, na LED zimezimika.

"Jirani," mama akaita kupitia bati. "Simu yangu imekufa. Ni saa ngapi?"

Simu yangu ilikuwa kwenye chaja kwa rafiki. Nikapapasa kabati, nikaushika mkono kwa kidole kimoja na kuusukuma kwa nguvu. Betri yake ilikuwa hai. Ikazunguka mara tatu, nne. Ikatokea 3, zikatokea nukta mbili, ikatokea 2, na kinachofuata kikavunjika kabla sijakisoma.

"Saa tatu na ishirini na kitu, mama."

"Na ngapi?"

"Ngoja niizungushe tena."